Saa Nne ya Mama

Kazi yangu ni kuchora skrini. Nikiulizwa kwetu Gachoka nafanya kazi gani huko Meru, mimi husema "nafanya kompyuta," na watu huridhika. Ukweli ni kwamba programu yenyewe huandikwa na mwenzangu, kijana mmoja mkimya anayekaa dirishani. Mimi huamua mtu akifungua atakutana na nini kwanza, abonyeze wapi, na akikosea aambiwe maneno gani ili asione aibu. Kabla ya ndege tulikuwa tumeshawatengenezea watu wa maziwa, watu wa kuweka na kukopa, na daktari mmoja wa mifugo. Kazi hizo nilizielewa, maana ng'ombe namjua.

Halafu mkubwa wetu akaingia ofisini asubuhi moja akitabasamu na kusema tumepata kazi ya ndege.

Yeye ni mtu wa Muthara, amekulia kwenye miraa inayosafirishwa nje, na kwake ndege ilikuwa kitu kinachosubiriwa na mzigo. Waliotupa kazi ni kampuni ndogo yenye ndege chache za kukodi. Zinabeba watalii, wagonjwa, na wakati mwingine mboga. Walitaka mfumo ambao mteja anaweza kukodi ndege mwenyewe kwa simu au kompyuta, na ofisi yao ione papo hapo, ipange rubani, ipange mafuta.

"Lakini iwe rahisi," mkubwa alisema. "Hii kitu iwe rahisi mpaka mama yako aitumie bila kuuliza mtu."

Nikaandika maneno hayo. Sikuwa nimewahi kupanda ndege.

Wiki za kwanza nilikuwa kama mtu aliyeingia kanisa la wenyewe, anasimama wakisimama na kukaa wakikaa. Kampuni ile ilikuwa na afisa wa safari, mwanamke aliyenizidi umri, mwenye sauti ya upole, na yeye ndiye alikuwa mwalimu wetu kwa simu kutoka Nairobi. Siku moja aliniambia, "Ndege hii leo ina miguu mitatu." Nikachora ndege yenye magurudumu matatu, nikaweka na alama ya kijani chini ya kila gurudumu, nikamtumia. Alinipigia mara moja. Kisha akanieleza kwa utaratibu kwamba mguu ni safari moja, kutoka kiwanja hadi kiwanja, na kwamba ndege ile ingetua mara tatu. Nikafuta magurudumu.

Lakini miguu haikunisumbua kama saa ilivyonisumbua.

"Sisi tunatumia Zulu," alisema.

Nilidhani anazungumzia Wazulu wa Afrika Kusini, na kwa dakika kadhaa niliendelea kuitikia nikijiuliza wameingiaje kwenye habari za Nairobi. Kumbe Zulu ni saa ya marubani dunia nzima, saa moja tu, isiyojali jua limefika wapi kwenu. Saa hiyo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Kenya ikiwa saa nne asubuhi, simu yako inaandika kumi, na rubani anaandika saba. Na sisi, watu wa kuhesabu kuanzia jua linapotoka, tunasema nne. Nne, kumi, saba, na jua ni lile lile moja juu ya paa la soko la Gakoromone. Nilichora duara tatu kwenye karatasi nikazitazama mpaka chai ikapoa.

"Kwa hiyo mteja aandike ipi?" nilimuuliza mkubwa.

"Mteja aandike saa," akasema. "Saa ni saa. Usimchanganye mteja."

Basi nikaweka kisanduku kimoja kilichoandikwa "Saa," na chini yake mahali pa kuandika namba. Ilionekana safi. Mwenzangu wa dirishani aliuliza namba hiyo aipeleke upande wa pili ikiwa Zulu au ikiwa ya Kenya. Mkubwa akamwambia aipeleke vile ilivyo, maana ofisi yao inajua kusoma saa. Naye akafanya hivyo. Mimi nilikuwepo, nikasikia, na hakuna kilichonigutua.

Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani. Nilibeba kompyuta, kwa sababu lile neno la mkubwa lilikuwa limenikaa kichwani na nilitaka kuona kama ni kweli. Mama yangu alikuwa uani akipepeta ndengu. Ni mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Kiswahili chake ni cha Biblia na cha sokoni. Mimi ni binti wa pili, nilipewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo kwa desturi ya kwetu yeye huniita mama, nami namwita mama. Wageni wakitusikia hucheka.

"Mama," nilimwambia, "njoo unisaidie kazi."

"Kazi ya ofisi?"

"Ya ofisi. Tujaribu kitu. Ujifanye unataka kukodi ndege."

Tuliongea Kimbeere, kama kawaida ya nyumbani, na hapo ndipo baadaye nilirudi mara nyingi kichwani mwangu nikitafuta ni neno gani hasa nililolitumia. Nadhani nilisema "ujifanye." Huenda nilisema "tujaribu" tu.

Alinawa mikono, akajipangusa kwa leso, akaketi kwenye kigoda mbele ya kompyuta niliyoiweka juu ya gunia la ndengu. Sikumwambia lolote. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu: mtu akijaribu kitu chako, wewe unyamaze na utazame macho yake na kidole chake.

Alisoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma somo kanisani. "Unatoka wapi?" Akatafuta, akaona kiwanja kidogo cha Embu, akabonyeza. "Unakwenda wapi?" Hapo alikaa. Niliona kidole kikipita juu ya majina, kikarudi juu, kikateremka tena. Akachagua Meru.

Nilitaka kumuuliza kwa nini Meru. Nikakumbuka sheria, nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa Meru miaka kadhaa na hakuwa amekanyaga kwangu hata siku moja. Lami ipo, magari yapo, na kila nikimwalika alikuwa na mbuzi aliye karibu kuzaa.

"Mko wangapi?" Aliwaza. "Sisi wa chama ni sita," akasema, akaandika sita. Chama chao ni cha kina mama wa kanisa, wanaozungukiana nyumba kwa nyumba. "Siku gani?" Akachagua Jumamosi ya wiki iliyofuata. "Saa." Akaandika nne, bila kusita.

Kisha akafika kwenye kisanduku cha maelezo. Humo mwenzangu alikuwa ametangulia kuandika kwa herufi kubwa neno JARIBIO, ili kila safari ya kujaribia mfumo ijulikane ikifika ofisi ya ndege. Mama alilitazama neno lile akakunja uso.

"Hili limeandikwa na nani?"

"Liko tu, mama. Endelea."

"Jaribio," akasoma. "Sitaki majaribu kwenye safari yangu. Tunaomba kila siku tusitiwe majaribuni, halafu niliandike kwa mkono wangu? Linafutwaje?"

Nilicheka. Nilifurahi, kusema kweli, kwa sababu alikuwa amepata mwenyewe pa kufutia kabla sijamwonyesha, na nilikuwa nimehangaika sana na kile kitufe cha kufuta. Akalifuta neno herufi kwa herufi. Pa malipo akachagua "kwa mpango na ofisi," kwa kuwa pale pengine palimuuliza namba nyingi. Akaweka namba yake ya simu. Akabonyeza.

Skrini ikaandika maneno niliyoyatunga mimi, baada ya kuyabadilisha mara nyingi ili yawe na utu: "Asante. Ombi lako tumelipokea. Jiandae kwa safari njema."

Mama aliyasoma mara mbili.

"Wamesema asante," alisema.

"Wamesema."

"Watu wazuri." Akainuka akarudi kwenye ungo wake. Nami nikarudi Meru nikiwa na furaha, nikamwambia mkubwa kwamba mama ameweza bila kuuliza mtu, ila swali moja tu la kufuta. Mkubwa alipiga meza kwa kiganja. Alinifanya nisimulie tena mbele ya wote.

Jumamosi ile nilikuwa Gakoromone nikichagua viazi. Simu ikalia.

"Mama," mama yangu akasema, "ndege yako imechelewa."

"Ndege gani?"

"Ile tuliyoita. Tuko hapa kiwanjani tangu mapema. Saa nne imepita."

Nilidhani ananitania, lakini mama yangu si mtu wa utani. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake wakiimba wimbo wa kanisa. Muuza viazi alikuwa amenyoosha mfuko akingoja niupokee, nami nilisimama nimeshika kiazi kimoja, sijui nikirudishe au nikinunue.

"Mama, uko wapi hasa?"

"Embu. Kwenye kiwanja cha ndege. Nikuulize, mtu akisema jiandae, si unajiandaa?"

"Lakini ile ilikuwa ya kujaribu."

"Ndiyo. Tulijaribu na wakakubali. Yule msichana wao alinipigia simu."

"Msichana gani?"

"Wa ndege. Sauti nzuri. Aliniuliza kama ni kweli tuko sita, nikamwambia sita. Akauliza kama ni saa ile ile niliyoandika, nikamwambia ile ile. Akasema Mungu akubariki mama, nikamwambia na wewe."

Nilimpigia afisa wa safari, hakupokea. Nilimpigia mkubwa, alikuwa kwenye mazishi huko kwao, akasema kwa kunong'ona kwamba hajui lolote, nisimwite tena mpaka jeneza lishuke. Mwenzangu wa dirishani alisema tu, "Kwani lile neno lilienda wapi?" Viazi vikabaki sokoni. Nilipanda gari la kwanza la kuteremka Embu, na njia nzima nilikuwa nikipanga sentensi za kumwambia mama, na kila sentensi niliyoipanga ilikuwa na shimo katikati.

Kiwanja chenyewe ni uwanja wa nyasi na kokoto, wenye kibanda kimoja, nguzo ya kitambaa cha kuonyesha upepo, na mbuzi wa majirani. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Niliwakuta wale wanawake sita kwenye kivuli cha kibanda, wamevaa sare zao za chama, vitambaa vyeupe kichwani, vikapu miguuni. Walikuwa wamekula chakula cha safari. Walinisalimu mmoja mmoja kwa mkono, kwa furaha kamili, na mmoja akasogea kunipa nafasi ya kukaa. Hakuna aliyeonekana kama mtu aliyedanganywa. Hilo lilinichanganya kuliko kama wangenigombeza.

Mama alikuwa amekaa mwisho, mgongo wima, mkoba mapajani.

"Umekuja kwa gari?" aliniuliza.

"Kwa gari."

"Haya."

Nilimwendea askari wa kiwanja, mzee wa makamo aliyekuwa akirekebisha redio. Nilimuuliza kama kuna habari yoyote ya ndege ya leo. Nilitaka aseme hakuna, ili niende nikawaeleze kina mama polepole kwamba hakujawahi kuwa na ndege.

"Ilikuja," alisema.

"Nini?"

"Ndege. Ilikuja asubuhi, saa moja hivi. Ndogo, nyeupe. Rubani akashuka, akaniuliza abiria wako wapi, kina mama sita wa kanisa. Nikamwambia mimi sijaona kina mama. Akazunguka zunguka hapa, akaenda hata pale barabarani akachungulia. Akangoja. Mwishowe akaenda zake upande wa Meru."

Nikageuka nikawatazama kina mama pale kivulini.

"Umewaambia hawa?"

"Niliwaambia walipofika. Wakasema hiyo ni ya kina mama wengine. Yao ni ya saa nne."

Nilisimama pale kwenye kokoto nikitazama alama za magurudumu kwenye nyasi, zimekuja na zimeondoka. Ndege ya kweli, na rubani wa kweli, ilikuwa imeshuka kutoka juu kumchukua mama yangu. Ilikuja kwa sababu aliandika nne. Nne yake, ya jua, ilifika Nairobi ikawa nne ya Zulu, na nne ya Zulu ni saa moja asubuhi, wakati mama alikuwa bado Gachoka akikamua mbuzi. Kila mtu alikuwa amefika kwa wakati.

Nilijaribu kuwaeleza. Nilichora duara tatu mchangani kwa kijiti. Wanawake waliinama wakatazama kwa heshima. Mkubwa wao wa umri aliuliza, "Kwa hiyo ilikuja?"

"Ilikuja."

"Ikatukosa?"

"Ikawakosa."

Waliangaliana. Nilidhani sasa ndipo watakasirika. Badala yake mmoja alianza kucheka, kisha wote, wakicheka na kupiga makofi, wakamgeukia mama yangu. "Uliita ndege ikaja!" walimwambia. "Ikaja kweli!" Mama hakucheka. Alitazama kule juu, upande wa mlima, uso wake hauna hasira wala furaha niliyoweza kuisoma. Kisha akasema twende, mbuzi wanangoja kukamuliwa, tukaondoka.

Jumatatu tulikutana wote Meru. Afisa wa safari alikuwa amesafiri mwenyewe, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Nilitarajia hasira na nikakuta mtu aliyechanganyikiwa kama mimi. Yeye alidhani lile ombi la kina mama ndilo onyesho ambalo mkubwa wetu alikuwa amewaahidi, la kuleta wateja wa kawaida waujaribu mfumo. Safari zote za kujaribia zilikuwa na lile neno kubwa, na hii haikuwa nalo. Alikuwa amempelekea mwenye kampuni, naye akasema kuna ndege inakwenda Meru siku hiyo tupu kuchukua watalii, ipitie Embu, iwabebe hao kina mama, liwe jambo zuri.

"Nilimpigia mama yako," alisema. "Nilihakikisha."

"Ulimuuliza saa?"

"Nilimuuliza kama ni ile ile."

Tukatazamana. Mkubwa alimtazama kijana wa dirishani, kijana akamtazama mkubwa, mimi nikatazama kisanduku changu safi kilichoandikwa "Saa." Kila mmoja alieleza alichofanya, na kila maelezo yalikuwa sawa. Tulitafuta kosa mezani kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, tukapapasa kila mahali, na kila aliyepapasa aliinua mkono mtupu. Mwisho mkubwa alisema, "Basi tubadilishe saa," kana kwamba saa ndiyo ilikuwa imekaa kitini ikikataa kuongea.

Tukabadilisha. Sasa mteja hukutana kwanza na maneno: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri. Akichagua asubuhi, anaonyeshwa saa moja hadi saa tano kwa maneno, na pembeni namba inayoonekana kwenye saa ya simu yake. Zulu inabaki kwa wenyewe, upande wa pili, mteja haioni mpaka afe. Kabla ombi halijakubaliwa, mtu wa ofisi lazima aitamke saa kwa mdomo na mteja aitamke pia. Lile neno la herufi kubwa nalo likaondolewa kwenye kisanduku, likageuka utepe wa njano juu ya skrini nzima, usiofutika. Watu wa kampuni walisema mfumo ni rahisi sana. Nilisifiwa. Sikujua kama nilistahili.

Mwenye kampuni alikuwa ameicheka ile habari mpaka akalia, afisa alinieleza, na akasema ndege ikienda tena Meru tupu, kina mama wachukuliwe, safari hii kwa saa yao. Nilimpigia mama nikiwa nimejaa bidii.

"Waambie wa chama waende," alisema. "Mimi sitaenda."

"Kwa nini, mama?"

"Ile ya kwanza ilikuja kwa sababu niliiita. Hii inakuja kwa sababu walikosea."

"Si ni ndege ile ile?"

"Pengine."

"Mama, kwani siku ile tulipokaa pale uani, ulijua ni mchezo au hukujua?"

Nikamsikia akifukuza kuku.

"Ukijaribu kupanda mahindi," akasema, "si umepanda?"

Sikupata jibu lingine, wala siku hiyo wala baadaye. Nimelitafuna swali lile kila upande. Wakati mwingine nadhani alijua kabisa kwamba ni kazi ya ofisi, akaamua kuona kama mlango utafunguka. Wakati mwingine nadhani aliamini neno kwa neno, kama anavyoamini kila kilichoandikwa vizuri. Na siku nyingine nadhani alitaka tu kuchagua Meru mahali ambapo mimi namwona akichagua. Kisha nakumbuka kwamba kufika Meru kwa gari ni mwendo wa asubuhi moja, na najikuta nimerudi nilikoanzia.

Wale watano walikuja. Nilikwenda kuwapokea kwenye kiwanja kidogo cha Meru, na nikaona kwa macho yangu ndege ile nyeupe ikishuka, ndogo kuliko nilivyoichora, na mlango ukafunguka wakaanza kuteremka na vikapu vyao, wakiwa wameshika vitambaa visipeperuke. Mmoja alikuwa ametapika na alilisema jambo hilo kwa fahari. Mwingine alisema ameona shamba lake kutoka juu na kwamba jirani amesogeza mpaka. Walimwombea rubani akiwa amesimama ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Niliangalia mlangoni mpaka wa mwisho, kisha nikaangalia tena. Kiti cha sita kilikuwa na gunia dogo la ndengu, limefungwa mkanda kama mtu.

"Ni lako," waliniambia. "Mama yako alitusindikiza pale Embu mpaka kwenye ndege. Akalifunga mwenyewe."

Niliwapeleka kwangu. Ninakaa chumba kimoja na jiko, ghorofani, na dirisha linatazama soko. Nilikuwa nimepika, lakini hawakuketi kula. Yule mkubwa wa umri alitoa simu kwenye mkoba, akaomba nimsaidie kuwasha sauti kubwa, na mama akapokea mara moja, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi.

"Mmefika?"

"Tumefika. Tuko ndani."

"Haya, nielezeni."

Wakaanza. Walimwambia ngazi ni ndefu lakini zina mahali pa kushika. Walimwambia mlango una kufuli mbili. Mmoja alifungua kabati akasema vyombo ni vichache lakini safi. Mwingine alibonyeza godoro kwa ngumi na kusema linafaa. Mama aliuliza kama kuna maji, wakafungua bomba wakamsikilizisha. Akauliza dirisha linatazama wapi, wakajibishana kidogo kuhusu mlima uko upande gani, wakakubaliana hauonekani kwa sababu ya mawingu.

"Na analala upande gani?" mama aliuliza.

Wote walinigeukia. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mwiko mkononi, chakula kikipoa. Nilinyoosha mkono nikaonyesha upande wa ukutani, na yule mkubwa wa umri akasogeza simu karibu na mdomo akamwambia.

"Upande wa ukutani," alisema. "Na kuna blanketi mbili."

"Haya," mama akasema. "Endeleeni."